Kitufe cha Kidole Gumba

Mimi ni mpiga chapa. Naliweka hili mwanzoni kabisa kwa sababu kuna watu waliotaka nianze kusema nilikuwa mpiga chapa, nikakataa, na mpaka leo nakataa.

Kazi hii niliisomea enzi za mashine zile nzito za kugonga. Mwalimu wetu wa uhazili alikuwa akitufunika mikono kwa kitambaa cha meza ili tusione herufi, kisha anatusomea barua ndefu huku akizunguka nyuma yetu. Aliyechungulia alichapwa rula. Sikuwahi kuchapwa rula. Vidole vyangu kumi vilijua njia zao, na kwa miaka mingi ofisini nilikuwa nachapa huku nikimtazama mtu usoni, namsikiliza shida yake, na barua ya mtu mwingine inaendelea kutoka chini ya mikono yangu.

Ofisi yenyewe ni ya ushirika wa wakulima, Njombe mjini. Chumba changu ndicho cha kwanza ukiingia, na ili umfikie meneja lazima upite mlangoni kwangu. Wanapita watu wa parachichi, wa viazi, wa mahindi, wengine wametoka Ludewa alfajiri na vumbi la barabara bado liko kwenye kola ya koti. Kwetu mtu hapiti mlangoni pa mwenzake akanyamaza, na anayesalimiwa haitikii kwa kichwa tu kama mtu anayefukuza nzi. Unaanza na kamwene, salamu yetu ya Kibena, unajibiwa kamwene, halafu nyumbani, watoto, mvua, yule ng'ombe aliyekuwa anaumwa, msiba kama upo. Shida iliyomleta mtu inakuja mwisho, tena anaisema kama kitu alichokumbuka wakati anaaga. Mgeni anaweza kuona tunapoteza muda. Sisi tunaona ndiyo tumeanza kazi.

Baridi yabisi ilinianza kwenye vidole vidogo, ikapanda. Kipupwe cha Njombe mnakijua, kile cha mwezi wa sita na wa saba, majani ya bustanini yakiwa meupe kwa umande ulioganda. Asubuhi nilikuwa nashika kikombe cha chai kwa viganja viwili kwa sababu vidole vilikataa kufunga. Daktari alinipa dawa, akaniambia nipunguze kuchapa. Nikamuuliza na yeye akiambiwa apunguze kutibu atakula nini, akacheka, lakini mimi sikuwa natania. Niliogopa sana. Kiti changu cha ofisini kimenisomeshea watoto, kimenijengea nyumba yangu Lyamkena kule Makambako, na zaidi ya hayo, mimi nikiwa juu yake ni mtu ninayejua thamani yangu. Sikutaka kuamka asubuhi moja nikawa mama fulani anayekaa nyumbani na mikono mibovu.

Meneja wetu si mtu mbaya, sitamsingizia. Ana haraka tu. Alikuja kutoka mkoa mwingine miaka michache iliyopita, na tangu siku ya kwanza anatembea kana kwamba basi linamwacha. Aliona barua zinachelewa, akaja akasimama mbele ya meza yangu.

"Mama, si upumzike tu? Umefanya kazi ya kutosha."

"Nimechoka kwani?"

"Mikono, Mama."

"Mikono inauma, meneja. Haijachoka."

Aliondoka akitikisa kichwa. Siku hiyohiyo nikaanza kuhangaika na kitu nilichowahi kukisikia kwamba kompyuta siku hizi inaandika unachosema. Nilivaa vile visikilizio vyenye maiki ndogo mdomoni, nikafungua ukurasa mtupu, nikabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo kama maelekezo yalivyosema, jambo ambalo kwa vidole vyangu lilikuwa kama kufunga kamba ya kiatu ukiwa umevaa glavu. Nikasema, "Yahusu maombi ya mbegu." Maneno yakajipanga. Kwa Kiswahili, bila mimi kugusa chochote. Nililia pale mezani, sioni haya kulisema.

Ila kitu kile kilikuwa na tabia moja. Ukishakiwasha, kinasikiliza kila kitu. Kukizima kunataka vitufe vilevile vitatu kwa mpigo, na vidole vyangu vilikuwa vinavitafuta, vinakosa, vinabonyeza kingine. Na mimi nina mlango ulio wazi.

Unajua sasa kilichotokea. Barua ilikuwa ya kwenda kwa mnunuzi wetu wa parachichi. Meneja wakati huo alikuwa anasaini bila kusoma, ananiamini, naye alikuwa na haki ya kuniamini. Wiki iliyofuata mnunuzi akapiga simu, akamsomea meneja barua yetu neno kwa neno, na kwa vile meneja hupenda kuweka simu kwa sauti kubwa, tuliisikia wote: kuhusu shehena ya mwezi huu tunapenda kukujulisha kwamba karibu ndani baba za huko Ludewa jamani poleni na msiba kwani alikuwa anaumwa nini tunatumaini utapokea mzigo kwa wakati.

Mhasibu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi pia nilitaka kucheka. Meneja hakucheka.

Alikata shauri papo hapo, na bila kuniuliza. Kesho yake nilikuta mlango wangu umefungwa na karatasi imebandikwa juu yake kwa plasta: KAZI YA SAUTI INAENDELEA. USISALIMIE. Halafu akaniita ofisini kwake. Bodi itakaa Ijumaa ya wiki ijayo, alisema, na itahitaji muhtasari wa mkutano mkuu wa wanachama, ule mrefu, kurasa ishirini na kitu. Niuandae mimi.

"Nikikuta salamu moja humo ndani," alisema, "moja tu, Mama, tutaandikiana barua."

Mtu wa ofisi anajua maana ya kuandikiana barua: onyo, kisha kuachishwa kazi. Kiti changu kilikuwa kimewekwa mezani, kati yake na yangu, na bei yake ilikuwa ninyamaze.

Nilinyamaza. Siku nne nilinyamaza, na sijivunii. Nilikaa ndani ya mlango uliofungwa nikisema habari za wajumbe na hoja na maazimio, huku nikisikia nyayo zinafika mlangoni, zinasimama, zinasoma, zinaondoka. Chumba changu kina dirisha linalotazama ngazi. Siku ya nne, Ijumaa, nilikuwa katikati ya sentensi, maiki iko wazi, nikamwona mzee mmoja wa Mlangali, kule Ludewa, anapanda ngazi zile polepole na kofia yake mkononi tayari. Huyu nilimfahamu. Ni mwanachama tangu ushirika unaanza, analima mahindi na maharage, na kila akija hunijia na maharage kidogo kwenye mfuko wa shati, si zawadi, anasema, ni ya kuonja tu. Nilijua amefuata nini pia: alitaka barua ya kuhamishia uanachama wake kwa binti yake, kwa sababu macho yalikuwa yanamwisha.

Alifika mlangoni. Akasoma ile karatasi taratibu, uso karibu na mlango. Akageuka akatazama dirishani, akaniona. Nami nikamwona. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, na nikaufunga, kwa sababu lile neno lingeingia kwenye muhtasari na sikujiamini kulifuta. Mzee alisubiri kidogo. Kisha akavaa kofia yake, akashuka ngazi, akaenda zake Mlangali, barabara ile yote, bila barua.

Nilijichukia. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Na baada ya kujichukia hasira zikanipanda, kwanza kwangu mwenyewe, halafu kwa karatasi ile, halafu kwa meneja, halafu kwa kompyuta yenyewe, maana mashine iliyoletwa initumikie mimi ilikuwa imenifundisha kumkatalia mtu salamu mlangoni pangu. Nilisema peke yangu, kwa sauti, kwamba kiti hiki sitakiachia na salamu sitaziachia, na atakayetaka kimoja kati ya hivyo aje avichukue vyote pamoja na mimi mwenyewe. Maneno yote hayo yakaandikwa kwenye ukurasa wa kumi na moja. Nikayafuta, ila yalichukua muda.

Jumamosi nilikuwa nyumbani Makambako. Karibu na njia panda ya malori kuna duka la vifaa vya kompyuta, na mwenye duka ni kaka mmoja Mwislamu aliyekuwa zamani kwenye kampuni ya usafirishaji, kabla mgongo haujamshinda kukaa kwenye malori. Nilikwenda kutafuta visikilizio vingine, nikidhani tatizo ni maiki.

"Asalaam aleikum, dada."

"Waaleikum salaam, kaka. Habari za asubuhi?"

"Alhamdulillahi. Wewe mzima? Mikono?"

Nikamweleza yote, na karatasi, na mzee. Alisikiliza huku akipanga chaja kwenye kabati la vioo. Alipofika mwisho wa chaja akaniuliza kama nimewahi kuona redio ya upepo, zile tulizokuwa nazo ofisini kwa ajili ya kuongea na magari yaliyo njiani.

"Nimeziona. Zile za ova, ova."

"Ehe. Sasa ile ukibonyeza kitufe cha pembeni unasema. Ukiachia, umefunga mdomo, unasikiliza. Dereva yuko Tunduma, mimi niko hapa, mke wangu anagombana na watoto nyuma yangu, na dereva hasikii hata neno. Kwa nini kompyuta yako imekaa mdomo wazi siku nzima?"

Alitoa kwenye kabati kipanya kimoja cheusi, kinono kidogo, chenye vitufe viwili vidogo ubavuni, pale kidole gumba kinapolala. Akakichomeka kwenye kompyuta yake ya dukani. Ilichukua muda, kuna kiprogramu alikipakua, akakosea, akarudia, akamhudumia mteja wa kadi ya kumbukumbu, akarudi. Mwishowe akaniwekea kiganja juu ya kipanya kile.

"Bonyeza, shikilia, sema."

Nikabonyeza kwa gumba la kulia. Katika vidole vyangu vyote, hilo ndilo lilikuwa halijaasi. Nikasema, "Mkutano ulifunguliwa kwa sala." Ikaandika. Nikaachia. Nikamwambia, "Kaka, Mungu akubariki, na mama watoto umsalimie, na watoto wote." Kioo cha kompyuta kilibaki na mkutano uliofunguliwa kwa sala, basi. Nikacheka pale dukani kwa sauti mpaka mteja wa kadi akageuka. Nikakinunua kipanya, na kile kiprogramu akaniwekea kwenye flashi nikakiweke ofisini.

Jumatatu nilifika Njombe kabla ya meneja. Karatasi ile nilianza kuibandua taratibu, plasta ikang'ang'ania rangi ya mlango, nikaivuta yote kwa mara moja. Niliitia kwenye jiko la mkaa la mama anayetupikia chai, naye akaniuliza kama nina ruhusa. Nikamwambia moto hauulizi ruhusa. Nikaufungua mlango wangu wote, nikauwekea jiwe chini usijifunge.

Meneja aliingia, akasimama mlangoni.

"Mama. Tangazo liko wapi?"

"Limeungua."

"Tulikubaliana."

"Ulisema wewe. Mimi sikukubali, nilinyamaza tu. Hayo ni mambo mawili." Nikaweka mkono juu ya kipanya. "Uliniambia salamu isiwepo kwenye muhtasari. Haitakuwepo. Ila mlangoni itakuwepo."

Alinitazama, akautazama mkono wangu juu ya kipanya, akatazama jiwe. "Ijumaa," alisema, akapita zake. Tangu ile barua ya mnunuzi alikuwa anasoma kila kitu kabla ya kusaini, na nilijua atausoma muhtasari ule kama polisi anavyopekua mzigo.

Nilifanya kazi siku nne kama sijawahi kufanya. Bonyeza: mjumbe kutoka Mlangali aliuliza kuhusu uchelewaji wa pembejeo. Achia: kamwene mama, karibu, za nyumbani, huyo mtoto amekua jamani. Bonyeza: meneja alijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Achia. Watu walipojua mlango uko wazi walikuja hata wasio na shida, walitaka kuona yule mama anayeongea na kompyuta na kuinyamazisha kwa kidole. Nukta na mikato mashine haikujua kuweka, nikaziweka mwenyewe jioni kwa kidole kimoja, kitufe kimoja kimoja, naapa kwamba kila nukta niliisikia mpaka kwenye kiwiko. Sikuwa na malalamiko. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa inanipa joto.

Mzee wa Mlangali nilimtumia ujumbe kwa kondakta wa basi la Ludewa. Jumatano alikuja. Alisimama nje ya kizingiti, akautazama mlango mahali plasta ilipochubua rangi.

Niliachia kitufe. Nikasimama.

"Kamwene, baba."

"Kamwene." Lakini hakuingia. "Ile karatasi?"

"Haipo tena, baba. Na siku ile nilikuona. Nilikuona nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Aligeuza kofia yake mikononi. "Nilidhani humo ndani kuna msiba," alisema. "Nikasema hawa wamefiwa, nisiwasumbue. Nikaenda nikamwambia na mama nyumbani, tukawaombea."

Hilo lilinikata zaidi kuliko kama angenitukana. Alinisamehe, akaingia, akakaa, akanitolea maharage mfukoni. Tukamaliza salamu zote mpaka za mvua na za ng'ombe. Ndipo nikabonyeza, nikaitamka barua ya binti yake mbele yake, nikamsomea jina lake na la mtoto. Alisogeza uso kwenye kioo, akasema haoni vizuri lakini anasikia kwamba iko sawa.

Alhamisi mchana meneja alisoma muhtasari wangu wote, kurasa ishirini na tatu, kalamu nyekundu mkononi. Nilikaa nikimsubiri. Alirudia baadhi ya kurasa. Mwishowe akafunika kalamu.

"Hakuna kitu," alisema, na sikuweza kujua kama amefurahi au amekosa raha. "Toa nakala kumi na mbili za bodi."

Nilikuwa nimeshinda. Kiti kilikuwa changu, nilichotakiwa kufanya ni kubonyeza chapisha na kwenda kunywa chai. Nikakaa pale nikiutazama ukurasa wa kwanza, na kadiri nilivyoutazama ndivyo nilivyoona umebeba kitu kisichokaa vizuri. Ulikuwa unaingia kwa watu bila hodi. Nikawaza kwamba wale wazee na akina mama wa bodi wataushika kesho, safi, hauna doa, na hakuna atakayejua kwamba usafi ule ulimrudisha mtu Mlangali akituombea kwa msiba usiokuwepo.

Kubadilisha waraka uliokwisha kupitishwa ni kosa la kazi. Nalijua, nimewahi kuchapa barua za watu waliofanya hivyo. Nikaweka mshale juu kabisa, kabla ya kichwa cha habari, na kitufe cha gumba sikukigusa, kwa sababu mashine ile haijui Kibena. Nilichapa kwa kidole cha shahada. K. A. M. Herufi saba. Katika kurasa zote zile, ndilo neno pekee nililolichapa kwa mkono wangu. Nikatoa nakala kumi na mbili.

Ijumaa nilikaa kwenye kona ya chumba cha mikutano, mahali pa mpiga chapa, na daftari nisiloweza kuliandikia. Wajumbe walikuwa wamezunguka meza, makoti yamefungwa mpaka shingoni. Mwenyekiti wetu ni mama mkulima, mzee wa kanisa, mtu asiyepoteza maneno. Alivaa miwani, akaiinua ile karatasi ya kwanza, na kama ilivyo desturi ya bodi yetu, akaanza kuusoma muhtasari kwa sauti kuanzia juu.

"Kamwene," alisoma.

"Kamwene," wakajibu wote, meza nzima, kabla hata hawajatazama karatasi zao.

Sauti ya meneja ilikuwemo. Niliisikia, na yeye mwenyewe aliisikia, kwa sababu aliinamia karatasi haraka, halafu akainua uso akanitazama mimi, shingo imebadilika rangi.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "samahani. Hilo neno halikuwepo. Hilo limeongezwa. Nilishaagiza kwamba salamu—"

"Nani kaongeza?"

Nilisimama. Mikono niliiweka mbele, waione ilivyo. "Mimi. Kwa mkono. Na nikiambiwa nilifute, sitalifuta."

Mwenyekiti aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu, akamtazama meneja, akashusha miwani, akaipandisha tena. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Kaa, mama," alisema. "Haya, tuendelee. Tumeshasalimiana."